Hisabati za uhandisi kwa "mseto": msituuzie PDF mkasema ni maendeleo



Leo naomba tuweke siasa za vyama pembeni kidogo. Nataka tuongelee hisabati za uhandisi vyuo vikuu, na huu wimbo wa "ufundishaji mseto" ambao wakubwa wa elimu ya juu wamekuwa wakiuimba kwa nguvu tangu korona ya 2020. Mseto wenyewe ni rahisi kueleza: sehemu ya kozi unasoma darasani na mwalimu, sehemu nyingine unasoma mtandaoni kwa muda wako. Siupingi hata kidogo. Ila kuna mseto na kuna usanii, na kwenye hisabati usanii unajulikana mapema sana, yaani siku matokeo ya semista ya kwanza yanapotoka.

Kwa ambao hamjapita huko, hali iko hivi. Ukiingia uhandisi, uwe wa ujenzi, umeme, mitambo au kemikali, miaka miwili ya mwanzo unakutana na kalkulasi, matriksi, halafu zile ikwesheni za difarensho, Laplace, Fourier na wenzake. Kozi hizi mara nyingi watu wa fani zote wanasoma pamoja, kwa hiyo ukumbi mmoja unaweza kubeba mamia. Mwalimu anaandika ubaoni, wewe unanakili. Aliyekaa nyuma ananakili kwa aliyekaa mbele. Ikifika wiki ya mtihani watu wanasaka desa la mwaka juzi, wanakariri maswali kumi na kumuomba Mungu. Vichwa wanapeta. Wengine wanakula sapu, wengine wanabeba kozi, na wengine disko kabisa. Na disko sio aibu ya kurudi nyumbani tu jamani. Mkopo wa bodi uliokwisha kuutumia haufutwi kwa sababu chuo kimekuondoa. Deni linabaki kwa jina lako na shahada huna.

Sasa mseto umekuja. Nini kimebadilika? Vyuo vingi vimefunga Moodle, programu ya bure iliyoanzishwa na Martin Dougiamas kule Australia ikatoka rasmi mwaka 2002. Programu ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini ingia kwenye kurasa za kozi nyingi uone kilichomo: PDF za slaidi, nyingine zimepigwa skani kutoka kwenye karatasi zilizopauka, orodha ya maswali yasiyo na majibu, tangazo la tarehe ya test. Basi. Ukumbi uko vile vile, chaki ile ile, kunakili kule kule. Desa limehama kutoka duka la fotokopi likaenda kukaa kwenye seva, halafu kwenye ripoti inaandikwa kwamba kozi kadhaa sasa zinafundishwa kwa mseto.

Mimi nasema mseto wa hisabati una maana pale tu mtandao unapobeba ile kazi ya kunakili, ili saa za darasani zibaki kwa ajili ya kukokotoa, kukosea na kuulizana huku mwalimu yupo. Ukiongeza mtandao bila kubadilisha kinachofanyika ukumbini, umemwongezea mwanafunzi gharama ya bando, hakuna zaidi.

Kuna chuo kimoja Marekani kilichojaribu njia mbili karibu wakati mmoja, na kesi yake naiona ina mafunzo kuliko semina elekezi kumi. Ni San José State University, jimbo la California, chuo cha serikali ambacho wanafunzi wake wengi ni watoto wa watu wa kawaida.

Jaribio la kwanza lilianza muhula wa mwisho wa mwaka 2012. Wanafunzi wa uhandisi wa umeme walikuwa wanasoma kozi ya saketi, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa inafelisha sana. Kama umewahi kusoma saketi unajua kwamba ni hisabati tupu iliyovalishwa waya: kapasita inapojaa chaji unaandika ikwesheni ya difarensho, unaifumbua, unaona volti inavyopanda. Chuo kikachukua video na mazoezi ya kozi ya MIT iliyokuwa edX. Wanafunzi wanaangalia video nyumbani kabla ya kipindi. Wakija darasani hakuna lekcha ndefu. Wanakaa vikundi vidogo wanapiga maswali, mwalimu na wasaidizi wanazunguka. Asilimia 91 wakafaulu. Kwenye madarasa ya kawaida ya kozi hiyo waliofaulu walikuwa chini ya asilimia 60.

Jaribio la pili lilizinduliwa Januari 2013 kwa mbwembwe, gavana Jerry Brown mwenyewe akiwepo. Safari hii walishirikiana na kampuni ya Udacity, kozi tatu: hisabati za kujazia mapengo ya sekondari, aljebra na takwimu, kila kozi dola 150. Hapa darasa halikuwepo kabisa, kila kitu mtandaoni. Matokeo yalipotoka, zaidi ya nusu ya waliofanya mitihani walikuwa wamefeli. Julai 2013 mradi ukasimamishwa. Kabla mwaka haujaisha mwanzilishi wa Udacity, Sebastian Thrun, alikubali hadharani kwamba bidhaa yao ilikuwa mbovu.

Sasa tuwe wakweli, makundi haya mawili hayafanani. Wale wa saketi walikuwa tayari wahandisi watarajiwa, wamekwishavuka vichujio vingi. Wale wa Udacity wengi walikuwa wamewahi kufeli hisabati, na walikuwemo wanafunzi wa sekondari ya Oakland ambao baadhi hawakuwa na kompyuta nyumbani. Kwa hiyo asijitokeze mtu kusema namba hizi mbili zinamaliza ubishi. Lakini angalia ni nani alipewa nini. Mwanafunzi mwenye msingi mzuri alipewa video pamoja na mwalimu. Mwanafunzi dhaifu, anayehitaji mtu wa kumshika mkono, akapewa video peke yake. Kwa nini? Kwa sababu kwa kundi la pili lengo kubwa lilikuwa kupunguza gharama.

Walimu wa chuo hicho hicho waliliona hilo. Mwaka 2013 idara ya falsafa iliandika barua ya wazi ikakataa kutumia kozi ya edX ya Michael Sandel wa Harvard, wakihofia kwamba mwisho wa safari vyuo vya matajiri vitakuwa na maprofesa na vyuo vya wengine vitakuwa na video za maprofesa. Unaweza kusema wale wanafalsafa walikuwa wanalinda ugali wao. Labda. Lakini hofu yao kwetu huku ina uzito mara mbili.

Halafu kuna hadithi ya yule kijana wa Mongolia, maana kila ukibishana na wapenzi wa mtandao lazima wakutolee hiyo. Mwaka 2012 MIT walitoa kozi ya saketi mtandaoni kwa dunia nzima, bure. Wakajiandikisha watu kama 155,000. Waliofaulu ni 7,157. Kati yao alikuwepo kijana wa miaka 15 kutoka Ulaanbaatar aliyepata alama zote. Dunia ikapiga makofi: unaona, intaneti inatosha! Wanachosahau kusimulia ni kwamba mkuu wa shule yake alikuwa mhitimu wa MIT, na ndiye aliyeipeleka kozi ile shuleni kwake. Mwanafunzi wa uzamivu kutoka Stanford akasafiri hadi kule na vifaa vya maabara, akakaa na vijana. Kijana ni kichwa, hilo silipingi. Lakini alikuwa na walimu wawili ambao vyuo vyetu vingi vingewagombania.

Tukiacha hadithi za mtu mmoja mmoja, utafiti upo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, wakalinganisha madarasa ya lekcha tupu na madarasa ambayo wanafunzi wanafanya kitu ndani ya kipindi. Kwenye lekcha wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8. Kwenye darasa la kufanya, asilimia 21.8. Kwenye ukumbi wa watu 300 hiyo ni tofauti ya watu kama 36. Watu 36 hawajala sapu, na hapo hujagusa intaneti hata kidogo! Naye mwenye intaneti, Wizara ya Elimu ya Marekani, ilitoa ripoti yake 2009 ikaonyesha kwamba mseto ulikuwa mbele ya darasa peke yake. Lakini waandishi wake wakatahadharisha kitu ambacho watu wa miradi hawapendi kukisoma: kozi za mseto mara nyingi zilikuwa na muda zaidi wa kujifunza na mazoezi zaidi, kwa hiyo usikimbilie kuipa sifa teknolojia yenyewe.

Kwa hiyo mtandao unafaa nini? Kwenye hisabati nauona unafaa sana sehemu moja ambayo haina mbwembwe, nayo ni mazoezi ya kila wiki.

Fikiria mwalimu mwenye wanafunzi 300. Akitoa maswali matano kwa wiki, anapaswa kusahihisha majibu 1,500. Hawezi. Kwa hiyo hatoi, au anatoa lakini hasahihishi, na mwanafunzi anagundua kwamba hajui siku ya test. Hapo ndipo programu inayoitwa STACK inapoingia. Ilianza chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, katikati ya miaka ya 2000, kazi ya Chris Sangwin, nayo inafanya kazi ndani ya Moodle, bure. Hii sio ile ya kuchagua A, B, C au D. Unaandika jibu lako mwenyewe, na nyuma yake kuna injini inayofanya aljebra kweli kweli.

Mfano. Swali: tafuta intigrali ya 2 sin x cos x. Wewe unaandika sin²x + C. Mshikaji wako anaandika −cos²x + C. Wa tatu anaandika −½ cos 2x + C. Nani kapata? Wote watatu, maana majibu yale yanatofautiana kwa namba isiyobadilika tu, na namba hiyo inamezwa na C. Msahihishaji mchovu saa sita usiku mwenye karatasi moja ya majibu anaweza kumkata mmoja wenu. Programu inachukua jibu lako, inalitafutia derivativu, inaangalia kama inarudi 2 sin x cos x. Ikirudi, umepata. Umesahau C? Inakwambia umesahau C. Na kila mwanafunzi anapewa namba zake: wewe una 2, mwenzako 3, yule 7. Kumdesa jirani hakukusaidii. Inabidi akueleze njia, na akikueleza njia mmekwisha kusoma wote wawili.

Na hii sio ya Ulaya tu. Chuo Kikuu cha Maseno, hapo Kenya karibu na Kisumu, kimekuwa kikiitumia STACK kwenye kozi za hisabati tangu 2019, kabla hata ya korona. Hakikuhitaji jengo jipya kwa hilo. Kilihitaji walimu waliokaa chini wakaandika maswali, kazi ya kuchosha na isiyopigwa picha.

Pamoja na hayo, mashine ina mahali inapogota. Chukua swali hili ambalo kila mhandisi amelipitia kwa namna fulani. Tangi lina lita 1,000 za maji yenye kilo 20 za chumvi. Maji safi yanaingia lita 10 kwa dakika, na mchanganyiko unatoka lita 10 kwa dakika. Baada ya dakika 100 chumvi imebaki kiasi gani? Kukokotoa sio shida. Shida ni kutoka kwenye maneno kwenda kwenye ikwesheni. Vijana wengi wanaandika kwamba chumvi inatoka 10 kwa dakika, kwa sababu ndiyo namba waliyoiona kwenye swali. Ukifuata hiyo, kilo 20 zinaisha ndani ya dakika mbili, na dakika ya tatu tangi lina chumvi hasi! Kumbe zile 10 ni lita za maji. Chumvi inayotoka inategemea iliyobaki ndani: kila dakika inatoka sehemu moja ya mia. Ukiandika hivyo unapata mteremko unaopungua taratibu, na dakika ya 100 zimebaki kilo kama 7.4.

Mashine itakwambia umekosa. Unaweza hata kuipangia ikukumbushe vipimo. Lakini mwalimu aliyesimama pembeni yako anakuuliza, "Haya, dakika ya tatu tangi lako lina nini?" Unaangalia karatasi, unacheka, unajirekebisha, na hutakaa urudie tena. Hilo ndilo linalopaswa kutokea ukumbini. Saa ile isitumike kunakili thiorem ambayo ipo kwenye kitabu tangu enzi za babu zetu.

Virginia Tech huko Marekani walilielewa hili mapema. Mwaka 1997 walichukua jengo lililokuwa duka kubwa karibu na chuo wakaweka kompyuta zaidi ya 500 kwa ajili ya hisabati. Wanafunzi wanafanya kazi kwenye mashine, lakini wasaidizi wanazunguka kutwa. Ukikwama unaweka kikombe chekundu juu ya kompyuta, mtu anakuja. Kompyuta mia tano, na kitu walichokuja kukitegemea ni kikombe cha plastiki na binadamu anayetembea.

Halafu kuna suala la ChatGPT, siwezi kulikwepa. Tangu mwishoni mwa 2022 mtu mwenye simu anaweza kutupia swali la intigrali akapewa hatua zote, na kabla ya hapo, tangu 2014, Photomath ilikuwa inapiga picha swali na kulifumbua. Kwa hiyo alama za kazi za nyumbani peke yake hazipimi tena kitu. Wengine wanasema basi tufute mazoezi ya mtandaoni. Mimi naona tuyabakize kwa ajili ya mazoezi, yapewe alama chache za kukufanya ufungue, halafu upimaji wa kweli uhamie darasani: test fupi kila baada ya wiki mbili, karatasi na kalamu, simu begini. Anayefanyiwa na mashine Jumatatu ataonekana Ijumaa.

Tuje kwenye kero ya bando. Najua baadhi yenu mnasoma hapa huku saa ya kafe inayoyoma. Video ya lekcha ya saa nzima kwa kafe ni hela ya chakula, na inaganda kila dakika tano. Lakini hili lina ufumbuzi wa kawaida kabisa ambao unapuuzwa. Kwanza, video isiwe saa nzima. Iwe dakika nane, swali moja limekokotolewa mwanzo mpaka mwisho, sauti na kalamu inayotembea kwenye karatasi, sura ya mwalimu haina kazi pale. Faili la namna hiyo linakuwa dogo. Pili, liwekwe kwenye seva ya chuo ili ukiwa ndani ya kampasi ulipakue bila hata kugusa intaneti ya nje. MIT walipoanza kuweka kozi zao wazi miaka ile ya 2000 walikuwa na mpango wa kupeleka nakala nzima kwa diski kwenye vyuo vya Afrika, kwa sababu walijua laini zetu ni nyembamba. Mkonga wa SEACOM ulianza kutumika Dar Julai 2009 na mambo yamebadilika sana, lakini mwanafunzi bado ananunua data kwa bando. Tatu, uruhusiwe kubeba kwa flashi. Chuo kinachofunga video zake zisipakuliwe, eti hakimiliki, kinamfungia nani?

Korona ilituonyesha wazi. Machi 2020 vyuo vilifungwa Tanzania na Kenya kote. Kenya vyuo vingi vilijaribu kuhamia mtandaoni, kukawa na kilio cha bando na mtandao wa vijijini. Kwetu wanafunzi wengi walirudi nyumbani wakasubiri mpaka vyuo vilipofunguliwa Juni mosi. Zile wiki zaidi ya kumi zilitosha kumaliza nusu ya kozi ya kalkulasi. Waliokuwa na mazoezi yaliyokwisha kuandaliwa waliendelea. Kwa wengine, kozi za mtandaoni zilizoandikwa kwenye ripoti hazikuonekana.

Na sio mara ya kwanza tunaimbiwa. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, baadaye ikahamishia makao Nairobi 2002. Mwanzoni lekcha zilikuwa zinarushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya nje, wanafunzi wanaangalia skrini. Vifaa vikaja, watu wakapiga picha. Mwaka 2021 Benki hiyo hiyo iliidhinisha mradi wa HEET kwa Tanzania, dola milioni 425, kuboresha elimu ya juu: majengo, maabara, mafunzo ya walimu, TEHAMA. Fedha nyingi, na mengi yaliyomo yanahitajika kweli, sina chuki. Kenya nao Agosti 2023 wakakipa hati chuo kikuu huria chao pale Konza. Swali langu kwa wote hawa ni dogo sana. Nani analipwa kwa ajili ya kuzunguka darasani?

Maana bajeti ya skrini huwa ipo, na seva pia. Lakini mkufunzi msaidizi wa tutoriali, yule kijana aliyemaliza na alama nzuri juzi, ambaye angelipwa kwa saa akakaa na kikundi cha watu 25 na swali la tangi, huyo hana kifungu. Mradi ukiisha skrini inabaki ukutani. Mshahara wa mtu hauwezi kubandikwa ukutani ukazinduliwa na mgeni rasmi, ndiyo maana hakuna anayeupigania.

Mhadhiri naye tumwonee huruma kidogo. Kuandaa video fupi arobaini na maswali mia mbili ya STACK ni kazi ya miezi. Akiimaliza, anaulizwa kwenye kamati ya kupandisha vyeo: makala za majarida ziko wapi? Kazi ile haihesabiwi, au inahesabiwa kidogo. Kwa hali hiyo mtu mwenye akili anapakia PDF anaenda zake kuandika makala. Ukitaka mseto wa kweli anza na ile kamati.

Wanafunzi nanyi msijifanye watakatifu. Mwalimu akija na mtindo wa "mmeangalia video, haya tufanye swali", nusu ya ukumbi inanung'unika kwamba hafundishi. Mwaka 2019 kule Harvard walifanya jaribio kwenye fizikia: waliofundishwa kwa kufanya walipata alama zaidi kwenye mtihani, lakini wao wenyewe walijisikia wamejifunza kidogo kuliko waliokaa kusikiliza lekcha tamu. Lekcha tamu inakupa raha ya kuelewa wakati mwenye kuelewa ni yule aliyeshika chaki. Nilisoma uhandisi, chuo sikitaji, nilikuwa na mwalimu wa namna hiyo. Ubaoni alikuwa bomba, tukitoka tunatikisa vichwa kwa furaha. Kwenye test tuligeuka mabubu.

Kwa hiyo kama uko chuoni sasa na kozi yako ya hisabati imetangazwa kuwa ya mseto, nenda kaulize mambo machache kupitia serikali ya wanafunzi, na uulize kwa maandishi. Saa za tutoriali zimeongezeka au zimepungua tangu mseto uanze? Kikundi kimoja kina watu wangapi? Mazoezi ya mtandaoni yanasahihishwa na kukurudia ndani ya siku ngapi? Faili zinapakulika kwenye kampasi bila bando?

Aliye UDSM, DIT, MUST Mbeya, JKUAT, Moi, Makerere au kokote kule, tupe majibu yenu hapo chini, mkitaja na mwaka wa masomo. Majina ya walimu msiweke, tafadhali, nitafuta. Kama kuna mhadhiri anayesoma hapa na amekwisha kuandika maswali yake ya STACK au video zake fupi, naomba atuambie ilimchukua muda gani na nani alimlipa, kama alilipwa.